Gawio la Hisa na Ekari ya Kililana

Leo nataka tuzungumze habari ya gawio, ile sehemu ya faida ambayo kampuni humpa mwenye hisa, na namna ya kuisoma historia yake kabla mtu hajatoa pesa mfukoni. Hesabu hii naianzia Kililana, huku Lamu bara, kwa sababu Kililana watu walishikishwa pesa nyingi kwa mkupuo mmoja kabla hata hawajaulizwa kama walizitaka.

Mnakumbuka. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki alisimama na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia, wakaizindua bandari ya Lamu na mradi mzima wa LAPSSET, ule wa kuiunganisha bandari hiyo na Sudan Kusini na Ethiopia. Mashamba ya Kililana yakaingia ndani ya mpaka wa bandari, na fidia ikapangwa kuwa shilingi 1,500,000 kwa ekari. Tarehe 20 Mei 2021 Rais Uhuru Kenyatta akafungua gati ya kwanza. Katikati ya tarehe hizo, mwaka 2018, Mahakama Kuu iliyokaa Malindi ikaamuru wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya kuharibiwa maeneo yao ya uvuvi.

Tatizo la pesa za namna hii ni kwamba kilichoondoka kilikuwa kikitoa kila mwaka. Mkorosho ulizaa, mwembe ulizaa, simsim ilivunwa, mahindi yakavunwa. Mwaka mmoja vizuri, mwaka mwingine mvua ikikataa, vibaya. Pesa ya fidia haizai yenyewe. Mtu akaitia kwenye nyumba ya kupangisha, mwingine akanunua mashua na mashine, mwingine shamba kwingineko, mwingine akaozesha watoto akawa amefanya la heri. Nayo bandari yenyewe haikumwachia mwenye shamba mlango wa kuingilia: ni mali ya serikali chini ya Halmashauri ya Bandari za Kenya, haina hisa sokoni, na mtu aliyetoa ekari zake tano hawezi kununua hata kipande cha gati kinachokaa juu yake. Mimi naona hilo ni jambo la kusikitisha, na naamini fidia ya ardhi ingefaa siku moja iwe na sehemu ya hisa ndani yake. Lakini sheria haikuwa hivyo, na leo tuzungumze kilichoko.

Kilichoko ni Soko la Hisa la Nairobi. Na barazani, hisa zinapotajwa, aghalabu hutajwa kwa neno moja tu: asilimia. "Kampuni fulani inatoa asilimia 9." "Ile nyingine asilimia 12." Mtu akisikia 12 na pembeni akasikia 5, moyo wake unakwenda kwenye 12. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kwanza gawio lenyewe ni nini. Wavuvi watanielewa upesi. Mashua ikirudi, kabla ya mtu yeyote kushika chake hutolewa gharama: mafuta, barafu, chakula cha safari. Kinachobaki ndicho hugawanywa mafungu, na chombo nacho kina fungu lake, na mwenye chombo hulichukua hata kama hakutoka nyumbani. Bahari ikikataa, fungu la chombo ni sifuri, na hakuna wa kumdai. Na mwenye chombo mwenye akili hali fungu lote. Hubakisha ya kukalafati, ya tanga na ya mashine, maana asipobakisha, msimu ujao hakuna chombo. Mwenye hisa ni mwenye chombo pamoja na maelfu ya wengine. Wakurugenzi ndio wanaopendekeza fungu liwe shilingi ngapi kwa kila hisa, na wenye hisa huliidhinisha kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Si mshahara, wala si kodi ya nyumba. Kampuni haivunji sheria ikisema mwaka huu hakuna.

Sasa tuichukue kampuni ambayo kila mmoja wetu anaijua, maana ameiweka mfukoni: Safaricom. Mwaka 2008 serikali iliuza robo ya kampuni kwa wananchi na wawekezaji, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja. Watu walipanga foleni, wengine walikopa. Hisa zikaanza kuuzwa sokoni mwezi Juni 2008, bei ikapanda kidogo kisha ikaanguka. Gawio la kwanza lilikuwa senti 5. Mtu aliyenunua hisa 1,000 kwa shilingi 5,000 alipata shilingi 50 kabla ya kodi. Wengi walicheka, wengine walikasirika, wakauza.

Lakini fuateni mstari. Mwaka uliofuata senti 10. Kisha senti 20, na tena senti 20. Mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2012, senti 22. Halafu 31, halafu 47, halafu 64, halafu 76. Mwaka 2017, senti 97. Mwaka 2018, shilingi 1.10. Mwaka 2019, shilingi 1.25. Mwaka 2020, shilingi 1.40. Kisha mstari ukavunjika: 1.37 mwaka 2021, 1.39 mwaka 2022, ukashuka hadi 1.20 mwaka 2023, na 1.20 tena mwaka 2024, na 1.20 mwaka 2025. Huo mstari wa shilingi na senti, mwaka kwa mwaka, ndio historia ya gawio. Kwangu mimi una maana kuliko asilimia yoyote utakayoonyeshwa, na sababu nitaieleza.

Asilimia ya gawio hupatikana kwa kuchukua gawio la mwaka mzima la hisa moja, ukaligawanya kwa bei ya hisa moja sokoni, ukazidisha kwa 100. Hesabu ya darasa la sita. Ila angalieni: ina namba mbili, na ya pili hubadilika kila siku soko linapofunguliwa. Kwa hiyo asilimia inaweza kupanda bila kampuni kuongeza hata senti moja. Inatosha bei ianguke.

Ndivyo ilivyokuwa Safaricom. Mwaka 2021 bei ya hisa ilipita shilingi 40. Gawio lilikuwa 1.37. Gawanya kwa 40, unapata asilimia 3.4. Watu wa mjini walikuwa wakishangilia bei. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 bei ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 15, na kuna siku ilichezea 13. Gawio lilikuwa limepunguzwa hadi 1.20. Gawanya kwa 13, unapata zaidi ya asilimia 9. Mtu anayeangalia asilimia peke yake angesema kampuni imekuwa karimu karibu mara tatu, na kumbe imepunguza. Ilikuwa imeingia Ethiopia, ikalipia leseni na minara, huduma zikaanza huko Oktoba 2022, na pesa ya kujenga ilikuwa inatoka kabla ya pesa ya kuvuna kuingia. Wawekezaji wa nje walikuwa wanauza na kuondoka Nairobi. Asilimia 9 ilikuwa kilio cha bei.

Je, asilimia ikipanda kwa sababu bei imeanguka, basi siku zote ni mtego? Hapana, na hapa ndipo historia inapomsaidia mtu. Naomba mnisikilize kwa makini, nitawapa kampuni mbili zenye asilimia inayokaribiana.

Mwishoni mwa mwaka 2011 hisa ya Safaricom ilikuwa karibu shilingi 3. Waliokuwa wamenunua kwa 5 walikuwa wamekata tamaa. Gawio la karibuni lilikuwa senti 20. Senti 20 kwa shilingi 3 ni kama asilimia 6.7. Mwishoni mwa mwaka 2017 hisa ya Kenya Power, wale wa umeme, ilikuwa kati ya shilingi 8 na 9, na gawio la mwaka huo wa fedha lilikuwa senti 50. Hiyo ni karibu asilimia 6. Ukiwekewa zote mbili mezani, huoni tofauti.

Sasa fungua historia. Safaricom ya 2011 ilikuwa imetoka senti 5, ikaenda 10, ikaenda 20, na faida yake ya mwaka ilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 13 huku gawio lote likichukua bilioni 8. Gawio lilikuwa limekua, na faida ililifunika na nafasi ikabaki. Kenya Power gawio lake lilikuwa halikui, limekwama kwenye zile senti 50, huku kampuni ikikopa kujenga nyaya na kununua umeme kwa mikataba inayolipwa kwa dola. Kilichofuata mnakijua. Gawio la Safaricom likaendelea kupanda mwaka hadi mwaka mpaka 2020. Kenya Power gawio likakatika. Mwaka wa fedha wa 2020 ikaandika hasara, wa 2023 ikaandika hasara tena, na mwanzo wa 2024 hisa yake iliuzwa kwa shilingi moja na senti. Aliyeingia kwa ajili ya ile asilimia 6 alikaa mwaka baada ya mwaka bila kupokea kitu, na mtaji wake ukayeyuka mbele ya macho yake.

Halafu, kwa kuwa haki ni kusema yote, Kenya Power ikageuka. Mwaka wa fedha uliokwisha Juni 2024 ilipata faida ya shilingi bilioni 30, shilingi ya Kenya ikiwa imepata nguvu mbele ya dola na bei ya umeme ikiwa imepandishwa, ikatangaza gawio la senti 70. Aliyenunua miezi michache kabla, hisa ikiwa shilingi moja na nusu, alipewa karibu nusu ya pesa yake kwa gawio moja. Ni kweli, na kuna watakaokuja kukutajia mfano huo ili ununue kampuni iliyoanguka. Waulize waliojua mapema ni wangapi. Historia ya gawio ilikuwa haisemi chochote siku hiyo, ilikuwa safu ya sifuri. Huyo hakusoma gawio, alibahatisha.

Turudi kwenye ekari. Nataka kufanya hesabu moja ya fidia, si kwa kumlaumu mtu, bali ili mstari ule wa shilingi na senti upate uzito. Shilingi 1,500,000, ekari moja. Mwaka 2015 hisa ya Safaricom ilikuwa takriban shilingi 15. Tukiacha ada za wakala wa hisa pembeni, hizo ni hisa 100,000. Mwaka huo mwenye hisa hizo angepokea shilingi 64,000. Mwaka 2016, shilingi 76,000, na juu yake gawio maalumu la 68,000. Mwaka 2017, 97,000. Mwaka 2018, 110,000. Mwaka 2019, 125,000 na gawio maalumu jingine la 62,000. Kisha 140,000, kisha 137,000, kisha 139,000, halafu 120,000 mara tatu. Ukijumlisha kuanzia 2015 hadi 2025 unapata shilingi 1,378,000. Kodi ya zuio ya gawio kwa mkazi wa Kenya ni asilimia 5, inakatwa kabla hujapewa. Baki na takriban 1,309,000. Na hisa 100,000 bado zipo.

Hiyo ni hesabu tamu, ndiyo maana nawaonya nayo. Nimeichagua kampuni ambayo tayari najua mwisho wake. Mwaka huohuo wa 2015 hisa ya Kenya Power haikuwa mbali na bei ile ya 15. Mtu wa Kililana aliyekuwa na ekari moja ya pesa angeweza kuingia mlango wowote kati ya hiyo miwili, na kwa macho ya siku ile kampuni zote mbili zilikuwa majina makubwa, huyu wa simu na huyu wa umeme. Kuna wa tatu, kiwanda cha sukari cha Mumias, ambacho kiliwahi kupendwa na wenye hisa wadogo na kiliwahi kulipa gawio. Mwaka 2019 benki iliyokidai ikakiweka chini ya mrasimu, na hisa zake zikasimamishwa sokoni. Ekari iliyoingia humo haikurudi.

Kwa hiyo pesa ya ardhi haifai kuingia yote kwenye kampuni moja, hata jina lake likiwa kubwa namna gani, na haifai kuingia yote kwenye hisa. Huo ndio msimamo wangu na ninausema wazi.

Tulitaja gawio maalumu. Hilo ni la kuangalia, maana huwadanganya hata watu waliosoma. Mwaka 2019 Safaricom ilitangaza 1.25 ya kawaida na senti 62 maalumu, jumla 1.87. Zipo orodha zilizojumlisha zote mbili zikatoa asilimia kubwa. Aliyenunua akitegemea 1.87 kila mwaka alikuta 1.40 mwaka uliofuata, akadhani ameibiwa. Hakuibiwa. Gawio maalumu ni pesa iliyorundikana, au kampuni imeuza kitu. Bamburi, wale wa saruji, walipouza kiwanda chao cha Hima cha Uganda walitoa gawio maalumu la shilingi 18.25 kwa hisa mwaka 2024. Kiwanda hakiuzwi mara mbili. Ukisoma historia, litoe gawio maalumu pembeni, uone la kawaida linasemaje likiwa peke yake.

Kuna kitu kingine ambacho historia haikuonyeshi mpaka uulize: gawio limetoka wapi. Mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2025 Safaricom ilikuwa na hisa kama bilioni 40.07. Zidisha kwa 1.20, unapata bilioni 48 za gawio. Faida iliyobaki kwa wenye hisa wa kampuni ilikuwa takriban bilioni 69.8. Kwa hiyo katika kila shilingi 100 za faida, 69 ziligawanywa na 31 zikabaki. Hapo kampuni inapumua. Ukikuta kampuni imepata faida ya shilingi 2 kwa hisa na inagawa 3, pesa ya ziada imetoka kwenye akiba, kwenye deni au kwenye mali iliyouzwa, na mwaka mmoja au miwili baadaye utasikia tangazo la kupunguza. Namba hizi mbili, faida kwa hisa na gawio kwa hisa, huandikwa karibu karibu kwenye taarifa ambayo kila kampuni ya soko hulazimika kuichapisha kwenye gazeti. Haihitaji digrii. Inahitaji mtu asome mistari miwili na kuilinganisha.

Na kukatika kwa gawio si lazima iwe dalili ya ugonjwa. Mwezi Mei 2020, korona ikiwa imeingia, benki ya Equity iliondoa gawio la shilingi 2.50 ililokuwa imeshalipendekeza, na mwaka uliofuata tena haikulipa. Kisha ikalipa shilingi 3 kwa mwaka 2021, na 4 kwa mwaka 2022. Ile sifuri ya 2020 ukiiona kwenye karatasi bila kujua mwaka huo ulikuwa mwaka gani, utaikimbia kampuni. Ndiyo maana napenda mtu asome miaka 10, siyo 3, na kwenye kila mwaka uliopinda aulize kulikuwa na nini.

Na mstari ulionyooka nao usitulaze. 1.20, 1.20, 1.20. Kenya mwaka 2023 bei za vitu zilipanda kwa wastani wa asilimia 7.7, na mwaka 2024 kwa asilimia 4.5. Shilingi 120,000 ya mwaka wa tatu haikununua unga na mafuta yaleyale ya mwaka wa kwanza. Gawio lililosimama, kwa mama anayelitegemea kwa chakula, linarudi nyuma.

Sasa nije kwenye swali ambalo kwa watu wetu ni la kwanza, na mimi nimeliweka hapa kwa makusudi ili namba zitangulie. Je, ni halali? Fatwa si kazi yangu, ni ya masheikh wenye elimu yake. Ninachoweza kueleza ni namna vitu vinavyofanya kazi. Riba ni nyongeza iliyoahidiwa juu ya deni, biashara ipate au ikose. Gawio halikuahidiwa, linafuata faida, na mmeona kwa macho yenu linavyofika sifuri. Wanavyuoni wengi wa fedha wanaruhusu hisa kwa msingi huo wa ushirika, lakini kwa masharti. Sharti la kwanza ni biashara yenyewe. Na hapa Muislamu wa Lamu anapoifungua orodha ya makampuni ya Nairobi yenye magawio makubwa, atakuta nyingi za juu zimefungwa kwake: kampuni ya sigara BAT, ambayo ililipa shilingi 50 kwa hisa kwa mwaka 2023 na 50 tena kwa 2024, kampuni ya bia, na mabenki yanayoishi kwa riba. Ile orodha ya asilimia kubwa kumbe kwa sehemu nzuri si yake.

Sharti la pili ni deni na mapato ya pembeni. Bodi ya viwango vya fedha za Kiislamu iliyoko Bahrain, AAOIFI, imeweka kwamba deni la riba la kampuni lisizidi asilimia 30 ya thamani yake sokoni, na mapato yasiyoruhusiwa yasizidi asilimia 5, na hiyo sehemu ya mapato mwenye hisa aitoe kwa maskini asiile. Hata Safaricom ina maswali yake, kwa sababu ndani ya simu kuna Fuliza na M-Shwari, ambazo ni mikopo inayotolewa pamoja na mabenki. Chukua taarifa ya kampuni, nenda nayo kwa sheikh anayeelewa mambo haya, mkae, mhesabu. Msipeleke jina la kampuni tupu, pelekeni taarifa yenye namba.

Tarehe pia zina ujanja wake. Kampuni hutangaza gawio, kisha hutaja siku ya kufunga daftari la wenye hisa. Jina lako lisipokuwemo siku hiyo, gawio hilo ni la mwingine. Na ukinunua leo, hisa huingia kwenye akaunti yako siku ya tatu ya kazi, kwa hiyo anayenunua siku moja kabla ya daftari kufungwa amechelewa. Safaricom kwa miaka ya karibuni imekuwa ikilipa mara mbili: gawio la awali ambalo hulipwa kuelekea mwisho wa Machi, na la mwisho ambalo daftari lake hufungwa 31 Julai na kulipwa kuelekea mwisho wa Agosti. Kuna watu hufikiri watanunua Julai, wachukue gawio, wauze Agosti. Soko si jinga. Daftari likishafungwa, bei hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe, na juu yake utakuwa umelipa ada ya kununua na ada ya kuuza, kila moja ikikaribia asilimia 2, na kodi. Ukipiga hesabu hiyo kwa hisa ya shilingi 24 yenye gawio la senti 65, ada peke yake zimekula gawio lote.

Kwa jamaa zetu mlioko Maskati, Dubai na Jidda mnaotuma pesa nyumbani: asiye mkazi wa Kenya kwa kawaida hukatwa kodi ya gawio ya asilimia 15. Shilingi 120,000 mkononi mwa mkazi inakuwa 114,000, mkononi mwako inakuwa 102,000. Asilimia unayoiona kwenye orodha ni ya kabla ya kodi.

La mwisho, na nalitilia mkazo kwa sababu linawahusu wazee wetu. Walionunua hisa za KenGen, wale wa kuzalisha umeme, mwaka 2006 kwa shilingi 11.90, au za Safaricom mwaka 2008, wengi waliandika sanduku la posta la shule au la duka, na akaunti za benki ambazo hazipo tena. Wengine wametangulia mbele ya haki na watoto hawajui. Magawio yao yameendelea kutangazwa kila mwaka. Gawio lisilodaiwa kwa miaka 3 kampuni hutakiwa kulikabidhi kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, na hisa zenyewe zinaweza kufuata. Hazijapotea, mwenyewe au mrithi wake anazidai bila kulipa ada. Kama ndani ya kabati la baba kuna karatasi ya hisa au risiti ya wakala, itoeni. Chukueni nambari ya akaunti ya CDS, yaani akaunti ya hisa, mwende kwa wakala wa hisa au kwa msajili wa hisa wa kampuni hiyo mkabadilishe anwani, na siku hizi gawio laweza kuletwa kwenye M-Pesa. Kama mwenyewe amefariki, hisa na magawio yaliyolala ni mirathi kama shamba na nyumba. Ziandikwe pamoja na mali nyingine mnapokwenda kwa kadhi, na mafungu ya mabinti na ya mjane yahesabiwe humo pia.